Lori la Kona ya Santa Bárbara Linalokula Majani

Mgeni rasmi, Mhandisi Remberto Quisbert, Mkurugenzi wa Barabara,

Sisi akina mama tunaouza chakula kona hii ya barabara ya milima ya Yungas tunakukaribisha. Tafadhali usisogee sana ukingoni, bonde halina adabu. Chai ya koka ipo, na maandazi ya jibini bado ya moto.

TULIKOTOKA
Tangu enzi za bibi zetu, dereva akifika hapa alipiga honi, nasi tukasogea na sinia zetu. Honi ndiyo ilikuwa hodi yake.

MAFANIKIO
Mwaka jana mliyafungia magari visanduku vya kuambiana yalipo. Tunashukuru. Tangu hapo magari hayajagongana.

CHANGAMOTO
Ila hodi imekwisha. Kisanduku kikinyamaza, dereva anajua kona ni tupu, anakuja mbio. Sisi hatuna visanduku, mheshimiwa. Kwa mashine, hatupo.

Mama Eulogia aligongwa akivuka, mguu ukavunjika. Dereva alishuka analia, "Mama, mbona kisanduku hakikuniambia?"

Mama akamjibu palepale chini, "Na macho yako nayo yanasubiri kuambiwa, mwanangu?"

Ndipo mjomba Wilmer, ambaye lori lake lilikufa, akatupatia kisanduku chake na betri. Tukamfungia Florinda, punda wetu wa maji. Sasa kila gari likikaribia huambiwa: lori kubwa liko mbele. Basi gari hilo hunyata kama mwizi wa kuku. Hakuna aliyeumia tena.

Juzi kijana wa ofisi yako alikuja juu akifoka, "Lori gani hili linashinda kwenye majani?"

"Limezeeka, kaka. Linapumzika."

Hakucheka. Jumatatu anarudi kukichukua kisanduku.

OMBI
Tunaomba Florinda aachiwe kisanduku mpaka madereva waamriwe kupiga honi tena. Kama ni lazima awe na leseni, tutamchangia.

Mheshimiwa, asubuhi dereva wako alipunguza mwendo hapo juu, nawe ukachungulia dirishani kutafuta lori. Wakati huo Mama Eulogia alikuwa katikati ya barabara na magongo yake, akikuletea maandazi. Lori ulilolitafuta ndilo lile pale, linatafuna maganda ya machungwa.

Tumemwagia magurudumu yako tone la pombe, Mama Dunia akulinde. Urudi salama, na ukiondoka, tupigie honi.

Ni sisi,
Akina Mama Wauza Chakula, Kona ya Santa Bárbara.
Msomaji: Nilda Yujra