Shangazi, Kisanduku Kilichopoteza Fahamu na Maji ya Ghorofa ya Nne

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuitumikia mamlaka yetu ya maji, mkuu wa Kitengo cha Mitambo ya Kielektroniki anastaafu leo, tarehe thelathini Juni. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa baada ya hotuba, lakini hapa ofisini hakuna anayelitumia. Mlinzi anamwita Shangazi, mkurugenzi anamwita Shangazi, na yupo fundi bomba aliyemzidi umri kwa mbali ambaye naye anamwita hivyo hivyo, tena kwa hofu kidogo.

Mimi ni karani wa dawati la wateja, na nimeombwa niandike nusu ukurasa wa kuwasomea leo. Aliyeniomba hamjui Shangazi vizuri, kwa hiyo nimempuuza kwa heshima zote.

Alianza kazi akiwa fundi wa simu za upepo. Enzi hizo tulikuwa na mtu aliyekaa juu ya tangi kubwa kutazama maji. Tangi likijaa, alipunga kitambaa cheupe, nasi huku chini tukazima pampu. Taabu ni kwamba jamaa huyo alikuwa mtu wa watu. Akimwona rafiki barabarani alimpungia kitambaa, pampu ikazimwa, na mtaa mzima ukakosa maji kwa sababu ya salamu. Shangazi aliporudi kutoka masomoni na shahada yake ya uhandisi, kwanza alifunga vifaa vya kupima kina cha maji, kisha akamtafutia mtu wa kitambaa nafasi mapokezi, ambako anapunga mkono mpaka leo bila kumdhuru mtu.

Baadaye alileta visanduku. Kisanduku ni kompyuta ndogo yenye ukubwa wa mkate, isiyo na kioo wala kibodi, inayotumia mfumo endeshi uitwao Linux kuamua pampu iwake lini na izime lini. Tunavyo viwili. Mkubwa huendesha pampu inayopeleka maji mtaa wa juu, kwenye zahanati, shule na majengo ya ghorofa. Mdogo huendesha chemchemi ya mapambo iliyo mbele ya ofisi, ile ambayo mkurugenzi huwaonyesha wageni kabla hajawakaribisha ndani.

Tusidanganyane, Shangazi si mtu wa kujishusha. Anajua kazi yake na anataka na wewe ujue kwamba anaijua. Karakana yake ni kona ya ukumbi wetu wa juu, wenye sakafu ya mbao, na kinachoitenga na dawati langu ni safu ya makabati tu. Kwa hiyo nimesikia kila wimbo aliouimba akilehemu, na kila tusi alilolitupia waya uliokataa kushika. Humo ndani ni marufuku kusema kifaa kimekufa. Kifaa hupoteza fahamu. Mhasibu aliwahi kuteleza akasema printa yake imekufa, akatolewa nje mpaka aombe radhi, na aliyetakiwa kuombwa radhi ni printa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana naona watu wa safu ya nyuma wameanza kutabasamu.

Utaratibu wetu unasema mstaafu akabidhi vifaa vyake vyote "vikiwa katika hali ya upya." Hakuna anayejua maana yake. Watu wa bohari walielewa kwamba kila kitu kipakwe rangi, wakamleta mpaka rangi, naye akapaka kijani kila alichokikuta: makabati, feni, kizimamoto, na visanduku vyote viwili pamoja na maandishi yaliyokuwa yakivitofautisha. Shangazi kwa upande wake alielewa kwamba programu zote zisasishwe. Rangi ilikauka Jumapili, programu zikaanza kusasishwa Jumatatu.

Nilimuuliza kupitia mwanya wa makabati atajuaje kipi ni kipi. Akanijibu kwamba mama wa pacha haulizi watu yupi ni yupi. Akachomeka waya, akaimba beti mbili kwa sauti ya kutosha, na Mkubwa akapewa programu ya kuamshia ya Mdogo.

Kwa faida ya wageni waalikwa: kila kompyuta ya aina hii ina programu ndogo inayotangulia kuamka, na kazi yake ni kuiamsha Linux. Hiyo ikiharibika, Linux hubaki imelala humo humo ndani, nzima na yenye afya njema, lakini hakuna wa kuigongea mlango. Mkubwa alizimwa, akawashwa, na hakutoa hata taa moja. Pampu ikanyamaza. Nje, chemchemi iliendelea kurusha maji kwa furaha.

Tulipiga simu kwa watengenezaji wa kisanduku, tukapokewa na duka la magodoro ambalo halikujua lolote ila lilikuwa na punguzo. Kisanduku cha akiba kilipatikana ofisini kwa mkurugenzi kikiegemeza dirisha, na kilikuwa kimeshiba mvua za misimu kadhaa. Mdogo naye hana nguvu za kubeba kazi ya Mkubwa. Kufikia mchana wakazi wa mtaa wa juu walikuwa wanateka maji kwenye chemchemi kwa ndoo, huku mkurugenzi akiwasihi wapange foleni upande wa nyuma ili wasiharibu mandhari.

Hapa lazima nimtaje mama mzazi wa Shangazi, ambaye yuko nasi leo, safu ya mbele, mwenye kilemba cha bluu. Anaishi peke yake mtaa wa juu, ghorofa ya nne, na magoti yanamsumbua. Ni kwa ajili yake Shangazi alikataa kuongezewa mkataba, na ni kwake anakohamia. Miaka yote mama huyu amewaambia majirani kwamba maji yao yanaletwa na binti yake, utadhani anayabeba kichwani. Majirani walimheshimu kwa hilo, na hajawahi kupanda ngazi zile bila mtu wa kumpokea kikapu.

Bomba lilipokauka alipiga simu dawati la wateja, yaani kwangu. Hakutaka maelezo. Alitaka mzembe aliyeharibu maji afukuzwe kazi. Alipiga asubuhi, akapiga mchana, na jioni akapiga kukumbushia. Wazo kwamba mzembe huyo ni mtoto wake wa kumzaa halikumpitia kichwani hata kidogo, na mimi sikuwa na mdomo wa kulisema. Kila jioni Shangazi alipanda ghorofa nne na dumu la maji, akaketi, akamsikiliza mama yake akimlaani mtu huyo, na akaitikia kwamba kweli, watu wengine hawana haya.

Aliniambia nyuma ya makabati kwamba barua ya onyo angeivumilia, na maneno ya mkurugenzi angeyavumilia. Asingevumilia mama yake kupita kwenye ngazi zile majirani wakimtazama vingine. Alitaka jambo moja tu: Mkubwa azinduke kabla mama hajajua aliyemzimisha ni nani.

Njia iliyobaki ilikuwa upasuaji. Watengenezaji huacha vituo vidogo vya shaba kwenye ubao wa kompyuta, mlango wa mafundi uitwao JTAG. Ukiunganisha waya zako hapo, unaweza kuidaka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kabla haijafanya lolote, ukaisimamisha, na kuilisha programu mpya kijiko kwa kijiko. Shangazi alikifungua kisanduku, akakwangua rangi ya kijani, akalehemu nyuzi nyembamba kama unywele. Vituo vinne vilikubali, cha tano kikabanduka. Ikabidi uzi wa tano aushikilie mwenyewe, kwa ncha ya sindano, juu ya alama ndogo kuliko punje ya chumvi, muda wote ambao programu inaingia.

Na sakafu, nimeshasema, ni ya mbao. Ukikanyaga popote ukumbini, mkono wa Shangazi unatikisika. Jaribio la kwanza liliharibiwa na viatu vya mhasibu. La pili liliharibiwa na mkurugenzi, aliyekuja kuuliza la kwanza limeendaje.

Ndipo mkurugenzi akatoa amri ambayo nadhani haijawahi kutolewa katika ofisi yoyote: kengele ikilia, kila mtumishi abaki pale pale alipo, na asisogee mpaka ilie tena. Kengele, ile ya mkononi, akaipiga mwenyewe huku akishuka ngazi, akabaki mguu mmoja hewani. Mpishi wa chai alibaki na sinia mikononi. Watu wawili wa manunuzi walikuwa wanapeana mikono, wakaendelea kupeana. Mteja mmoja aliyekuja kulalamika kuhusu maji naye akaambiwa atulie, akatulia, na baadaye akasema hajawahi kutuona tukishirikiana hivyo.

Shangazi, ambaye hajawahi kufanya kazi bila kuimba, hakuimba. Prosesa ilijibu kwa kutaja namba yake ya utambulisho, nikamsikia akishusha pumzi. Programu ya kuamshia ikaingia kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ikaamka, kisha ikaanza kujiandika yenyewe kwenye kumbukumbu ya kudumu, polepole kiasi cha kukera.

Simu yangu ikaita.

Simu ile mkonga wake ulivunjika zamani, inatumika kwa spika tu. Na mlio wake hutikisa meza, meza hutikisa kabati, na kabati limeegemea meza ya Shangazi. Nikanyoosha kidole kimoja nikaipokea kabla haijaita tena.

Alikuwa mama, na sauti ya mama huyu haijui kunong'ona. Aliuliza kama mzembe ameshafukuzwa. Akauliza tunangoja nini. Kisha akasema maneno ambayo ukumbi mzima uliyasikia, na ambayo nayaandika kama alivyoyatamka: "Mwiteni binti yangu. Yuko hapo hapo kwenu, sema hamjui kumtumia. Huyo mzembe akimwona binti yangu anavyofanya kazi, ataona aibu aondoke mwenyewe. Na msimwambie nimepiga, atapata wasiwasi bure."

Nilichungulia kwenye mwanya wa makabati. Chozi lilikuwa limeteremka mpaka kidevuni kwa Shangazi, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Sindano ilikuwa pale pale juu ya ile punje. Nimekaa jirani na mwanamke huyu miaka mingi, amenigombeza mara nyingi na mara nyingine bila kosa, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Nilimjibu mama kwa sauti ya chini kwamba binti yake ameshaitwa na yuko kazini. Akasema basi, kama ni hivyo anaweka ndoo chini ya bomba.

Taa ya kijani iliwaka, ikafuatiwa na ya pili. Maandishi ya Linux yakaanza kukimbia kwenye kompyuta ya Shangazi, na chini ya miguu yetu pampu ikanguruma. Mkurugenzi alisahau kupiga kengele ya pili kwa kuwa mguu ulikuwa umemfa ganzi. Alimalizia ngazi zilizobaki kwa makalio na akatoa hotuba ya pongezi akiwa ameketi pale yalipomfikisha. Mhasibu alikwenda karakana kumwomba Mkubwa radhi kabla hajaambiwa.

Jioni mama alipiga tena. Maji yamerudi na yana kasi nzuri, alisema, lakini ombi lake la kufukuzwa mzembe liko pale pale. Nikamwahidi kwamba litafanyiwa kazi.

Tangu siku hiyo kila kisanduku kimechongwa jina lake kwa patasi, mahali ambapo brashi haiwezi kulifuta. Mafundi wote wa kitengo wamefundishwa njia ya JTAG, kwa makelele na kwa upendo, na mpaka rangi haruhusiwi kupanda juu bila kusindikizwa. Hayo ni mafanikio yake ya mwisho, na tunayahesabu pamoja na yale ya mwanzo.

Mtajiuliza kwa nini nimeyamwaga yote haya mbele ya mzazi wake. Ni Shangazi mwenyewe aliyenituma. Alijaribu kumwambia kila jioni, dumu likiwa mkononi, na kila jioni mama alimtangulia kwa kumsifu. Akaona ni bora mama asikie leo, sisi sote tukiwepo, kuliko kuanza maisha ya nyumba moja na neno hili likiwa limekaa katikati yao mezani.

Shangazi, asante kwa maji, asante kwa nyimbo, na asante kwa kutugombeza pale tulipostahili. Afya yako iwe imara, usingizi wako uwe mrefu, na asiwepo wa kukuamsha kwa ajili ya pampu.

Na wewe, mama yetu wa ghorofa ya nne, tunaomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Ombi lako limekubaliwa. Mtumishi uliyemlalamikia anaondoka kazini leo. Atafika kwako kabla ya jua kuzama akiwa na mabegi mawili, na anaogopa kuliko alivyoogopa siku ya sindano. Tafadhali, mfungulie mlango.