Metrine Nafula Khisa (1979–2025), Aliyetaka Kujua Kama Mlango Ulifunguliwa

Marehemu Metrine Nafula Khisa alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Mei 1979, huko Kimaeti, Bungoma, mvua ikinyesha, ndiyo maana akaitwa Nafula. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Japhet Khisa na Mama Annah Nekesa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1997. Akiwa na miaka kumi alimuuliza mwalimu wa shule ya Jumapili mke wa Nuhu aliitwa nani. Mwalimu alipomwambia akae chini, alimwandikia askofu barua. Askofu alijibu kwa mkono wake kwamba hata yeye hajui. Barua hiyo Mama Annah anayo mpaka leo.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na Bwana Nick Barasa, fundi wa baiskeli, baada ya kumhoji, kwa maneno ya Nick mwenyewe, "kuliko polisi." Mungu aliwajalia Carolyne mwaka 2002 na Fanuel mwaka 2006. Metrine alifundisha chekechea mpaka shule ilipofungwa. Tarehe 3 Septemba 2012 alishuka Dubai kufanya kazi za nyumbani mtaa wa Mirdif, katika familia ya Kihindi inayozungumza Kitelugu. Nick alibaki na watoto. Watu walimcheka kwa kuwasuka nywele na kuwaogesha, naye hakuacha.

Kazi kubwa ya Metrine ilikuwa kumtunza mama mzazi wa bosi, ambaye nyumba nzima ilimwita Nanamma, yaani bibi. Nanamma alikuwa anasahau. Alisahau kula, akasahau majina ya wajukuu, lakini kila alasiri alidai sinema moja ya zamani, isiyo na rangi, kuhusu maisha ya mtakatifu wa Kihindu. Mtakatifu huyo alikuwa mkamua mafuta ya ufuta. Alimpenda Mungu wake hata akawa anaacha kinu na kwenda hekaluni kuimba kutwa. Siku moja mtoto wake aliugua vibaya, naye hakuwepo. Aliporudi, mkewe alikuwa amefunga mlango kwa ndani.

"Rudi huko unakoimba," mke alisema.

Mtakatifu akainua mkono kubisha. Hapo diski ilikuwa na mkwaruzo. Picha iliganda, na sinema ikaishia hapo kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Metrine hakuweza kuvumilia. Alijifunza Kitelugu kwa kumsikiliza Nanamma, kisha akamuuliza, "Nanamma, alifunguliwa?" Leo Nanamma alisema ndiyo, kesho alisema mke alihama, keshokutwa aliuliza mke gani. Madam, mke wa bosi, alikuwa hajawahi kuitazama hadi mwisho. Ijumaa zake za mapumziko Metrine aliwauliza wafanyakazi wanaozungumza Kitelugu waliokuwa wakisubiri mabasi ya kampuni zao mtaa wa Al Quoz, na kila mmoja alikuwa na mwisho wake. Baadhi ya kina mama wa ushirika wetu wa hapa Dubai wakasikia, wakamsimamisha baada ya ibada.

"Dada Metrine, siku hizi unaabudu sanamu?"

"Ninaomba kama nyinyi," alijibu. "Lakini kuna mtu amesimama nje ya nyumba yake, nami nataka kujua kama aliingia. Hiyo ni dhambi gani?"

Hatimaye, huko Al Quoz, alimpata Mzee Jaafar, fundi wa televisheni, aliyewahi kuendesha mitambo ya sinema kwao Guntur, India. Metrine alipoanza tu kumsimulia, mzee aliweka bisibisi chini. "Sikuambii," alisema. "Utaona mwenyewe. Mkanda uko kwa dada yangu. Subiri, inshallah."

Mkanda ulifika, na Ijumaa tarehe 17 Novemba 2017 Mzee Jaafar alikuja Mirdif na mashine yake ya kuuchezesha. Wote walikaa sebuleni. Mtakatifu alibisha, mlango haukufunguliwa. Mungu mwenyewe alishuka akiwa amejigeuza kibarua, akakamua mafuta yote, akaweka mitungi mbele ya nyumba. Mke akasema kutoka ndani, "Sikuomba kibarua. Nilimtaka baba wa mtoto." Mungu akaondoka ameinamisha kichwa. Mtakatifu akaketi kizingitini siku tatu bila kuimba, ndipo mlango ukafunguliwa, akambeba mtoto wake.

Nanamma alipiga makofi. Metrine hakupiga. Miaka mitano alikuwa hajaenda nyumbani. Kila likizo ilipokaribia aliona Nanamma hawezi kuachwa, akasema mwakani. Aliingia jikoni akampigia Carolyne simu, akamweleza yote.

"Huyo mtoto hakusema neno," alisema. "Wewe ungesema nini?"

Carolyne alijibu, "Ningemuuliza atakaa siku ngapi."

Siku hiyohiyo Metrine alimwambia madam, "Nanamma nampenda, lakini naenda." Madam alilia, kisha akampa likizo ya miezi mitatu. Alipofika nyumbani, Fanuel, wa miaka kumi na moja, alimpa mama yake mkono kama mgeni. Wiki ya pili ndipo alipomlalia mapajani. Tangu hapo Metrine alienda nyumbani kila Desemba, akakosa mwaka 2020 tu kwa sababu ya korona. Nanamma alifariki mwaka 2021 akiwa mikononi mwake. Mwaka 2023 Carolyne alikuja Dubai, akapata kazi kwenye mkahawa Jumeirah Lakes Towers.

Mwezi Machi 2024 Metrine aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa hapa Dubai, na wauguzi wanasema hakuna mgonjwa aliyewahi kuwahoji hivyo kuhusu mashine zao. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 45, Carolyne akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Nick. Watoto, Carolyne na Fanuel. Mama yake, Annah. Ndugu zake watano, akiwemo Shem anayesoma wasifu huu. Na familia ya Mirdif, iliyoketi nasi safu ya mbele. Atazikwa Jumamosi, tarehe 22 Februari, Kimaeti. Kesho Carolyne anampeleka nyumbani. Nick amesema atawapokea uwanja wa ndege mwenyewe.

Alale kwa utulivu mikononi mwa Bwana, Nafula wetu.