Injini ya Kitovu

Sogeeni, wanangu, niwaone nyuso, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na mto umekwisha kufika kwenye zizi la mbuzi. Mukhtar, weka spana hiyo chini. Najua mkeo Fardosa yuko katika mwezi wake wa kujifungua, najua jirani yetu Mama Lois na watoto wake wamekaa barazani na mizigo yao wakilingoja hilo lori, na najua hakuna lori jingine litakalokuja. Hata hivyo weka spana chini unisikilize, kwa sababu hicho unachotaka kukifunga kitawazamisha nyote kabla hamjaifikia nchi kavu ya Minjila.

Mimi Godana, baba yenu, akili yangu ni timamu. Kifua ndicho kimeniacha. Haya ninayosema ndiyo wosia wangu, na Mama Lois hapo nje anasikia, atakuwa shahidi. Ng'ombe sina wa kuwagawia, mnajua ukame ulivyotufanya. Lori ni la Mukhtar. Kiwanja cha spea kule Garsen ni chenu wote wawili, wewe Mukhtar na dada yako Sadia, wala msije mkakijengea ukuta katikati. Kuna ile injini iliyo chini ya turubai nyuma ya nyumba, nitaifikia, nipeni pumzi kwanza.

Mukhtar, umefungua injini ya lori ukakuta hedi inayofunika silinda imepinda, na gasketi iliyo chini yake imeungua. Ukapanda mtumbwi asubuhi kwenda kiwanjani, ukarudi na hedi na gasketi ya injini ndogo. Nilipokuuliza umejuaje kwamba hii ya lori ni ndogo, ukanijibu, "Baba, si ni ya kijani? Za kijani zote ni ndogo." Nani alikwambia? Lakini nikulaumuje, sisi Waorma ndivyo tulivyo. Ng'ombe tunamjua kwa rangi yake, mama yake tunamjua kwa rangi, na aliyepotelewa anataja rangi tu, ng'ombe analetwa. Tulipoingia kwenye vyuma tukaingia na macho yale yale, na leo Garsen nzima inauza injini kwa rangi. Ng'ombe hapakwi rangi, mwanangu. Injini hii ya lori ilizama kwenye mafuriko yaliyopita, ikaoshwa, ikapakwa rangi iliyopatikana dukani siku hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana huu ndio urithi wenyewe. Injini hizi mbili zote zina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, na ukisimama mbali huwezi kuzitenganisha. Moja ni ya lita tano na nukta nane, nyingine ni ya lita sita na nusu. Boliti za hedi zinaingia kotekote, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, wakidhani kinachofungika kimekubali. Kibati cha namba kilicho juu msikiamini, kifuniko chake huhamishwa kutoka injini moja hadi nyingine. Chukua mafuta ya taa, sugua ubavu wa bloku karibu na pampu ya dizeli, utaona namba iliyotoka kiwandani na chuma chenyewe. Kisha pima tundu la silinda. Ndogo ni milimita mia na mbili, kubwa ni mia na tano. Milimita tatu tu! Lakini ukiifunga gasketi ya ndogo juu ya kubwa, mdomo wake utaning'inia ndani ya tundu, pistoni itaugonga, moto utaula, na maji ya rejeta yatamwagika ndani. Itawaka, ndiyo. Itawaka vizuri, itawapakia, itawafikisha pale mkondo ulipo mkali, na hapo itanyamaza.

Nenda ukapime. Nenda, nasubiri.

Ni mia na tano? Haya. Garsen huwezi kurudi tena, mtumbwi hauwezi mkondo huu. Sasa geuka umtazame dada yako.

Sadia, mwanangu. Kila mtoto wangu alipokatwa kitovu nilimtengea ndama, wake peke yake. Wewe ulizaliwa zizi likiwa tupu, nikakutengea injini, na watu wakacheka wakasema binti wa Godana atakamua dizeli. Ndama wa Mukhtar alizaa mpaka likawa kundi, ukame ukalimaliza, chuma chako kikabaki. Tangu hapo ninyi wawili mnasalimiana kama watu waliokutana njiani, na jambo hilo limeniuma kuliko hiki kifua. Umeitengeneza kwa fedha za matikiti uliyolima mwenyewe, hedi nzima juu yake, gasketi mpya ambayo haijakazwa, ili ikuvutie maji shambani. Ni ya lita sita na nusu. Ndiyo pekee inayokubaliana na hii ya lori.

Ulitaka ipakiwe kwenye lori, najua. Ikifunguliwa itabaki hapa wazi, na mto utaijaza tope mpaka kwenye krenki chini kabisa, haitafufuka. Siwezi kukuamuru. Nilikupa, si yangu tena. Mukhtar, muombe. Si kwa macho, kwa mdomo.

Nimesikia. Sema tena, dada yako asikie, mimi si wa kuombwa.

Umeitikia, Sadia? Allah akuridhie, mwanangu, akupe kizazi na shamba lisilokauka. Basi na iandikwe hivi mioyoni mwenu, kwamba nusu ya lori hilo ni ya Sadia kuanzia leo, na atakayebisha amenibishia mimi.

Nendeni mkafunge. Kazeni boliti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, msiwe na pupa. Fardosa akae mbele. Watoto wa Mama Lois kabla ya mbuzi. Mimi mnilaze nyuma, nikiwa bado... mnilaze tu, mnielekeze kibla. Mnizike Minjila, kwenye ardhi kavu.

Na hili la mwisho. Betri imelowa, ina nguvu ya kuwasha mara moja. Ikishawaka, isizimwe. Sikilizeni silinda zote sita ziwe zinaongea, kisha nendeni. Kama nitanyamaza njiani... Sadia, shika mkono wangu... kama nitanyamaza, usimpigie kaka yako kelele. Usigonge bodi asimame. Nifunike uso, useme inna lillahi kimoyomoyo, mwache aendeshe.

Mungu awaweke pamoja. Awaweke... Nendeni. Nataka kuisikia ikiwaka.