Mama Annie Kaswera na Karatasi ya Alhamisi

Jumapili tarehe 30 Novemba, Mama Annie Kaswera anaweka kalamu chini baada ya miaka ishirini na saba ya kuwa sekreteri wa ibada katika kanisa letu la Mbunya, hapa Bunia. Mungu ashukuriwe, anastaafu akiwa na afya njema, na bado anatukemea.

Alikuja kutoka Butembo na mume wake, muuzaji wa vitenge, na wazee wakamwajiri mwaka 1998. Alichokikuta ni aibu kusimulia. Ibada ilianza saa tatu, au saa nne, ikitegemea nani amefika. Korali saba ziligombea mikro, kila moja na nyimbo zake nne. Mwenye ushuhuda alianzia siku aliyozaliwa. Wenye unabii walisema wote kwa pamoja, hata usijue Mungu amesema nini na nani. Mchungaji alipopata nafasi ya kuhubiri, watoto walikuwa wamelala na nusu ya akina mama wamekwenda kupika.

Mama Annie hakugombana na mtu. Kwa Jumanne tatu aliketi na wazee, wakasoma yale Mtume Paulo aliyowaandikia Wakorintho juu ya ibada: wasimame wawili au watatu, kwa zamu, wengine wapime, na kila kitu kijenge watu. Ndipo ikazaliwa karatasi ya Alhamisi. Kila Alhamisi saa kumi alibandika mlangoni mpango wa Jumapili, na asiyeandikwa humo hakusimama. Kwa korali alikuwa na sentensi moja tu: "Nyimbo mbili, kisha mukae."

Mimi Vital, shemasi wa matangazo, ninamjua vizuri kuliko ninavyopenda. Zamani nilitangaza kila kitu, hata mbuzi wa jirani aliyepotea. Akanipa dakika tano, na zikiisha anavua miwani. Siku moja nilijifanya sikumwona. Loo! Alisimama palepale akaanza kuyaombea matangazo yangu yafike salama, kanisa zima likaitika amina, na mimi nikabaki na karatasi mkononi. Mke wangu anacheka mpaka leo.

Sasa kuna jambo ambalo yeye mwenyewe ameagiza liandikwe, la sivyo hatapokea zawadi. Mwaka 2018, watu walipokimbia vita huko Djugu, korali ndogo ya Fataki, mji wa hukohuko, ilifika kwetu Jumapili asubuhi. Walikuwa kumi na mmoja, wakiongozwa na Nadège Mave. Waliomba wimbo mmoja tu, wa kuwalilia waliowazika njiani. Hawakuwa kwenye karatasi. Mama Annie aliwaambia, kwa upole kabisa, waje kujiandikisha Alhamisi. Walikaa hadi baraka, wakaondoka. Alhamisi hawakuja, wala Jumapili mbili zilizofuata.

Jambo hilo lilimnyima usingizi. Alifungua tena sura ileile aliyotufundisha, akakuta mstari aliokuwa ameupita haraka: aliyekaa akifunuliwa neno, yule wa kwanza anyamaze. Kumbe utaratibu ule ulimwagiza pia mwenye zamu amwachie mwingine! Akapanda pikipiki hadi kambi ya wakimbizi, akamtafuta Nadège, akaomba radhi mbele ya watu. Nadège hakumrahisishia. Alisema kwamba siku ile walikuja kanisani kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kulia. Mama Annie akaketi chini kwenye turubai akalia pamoja nao.

Jumapili iliyofuata, korali ya kwanza kwenye karatasi ilikuwa ya akina mama, anamoimba Mama Annie mwenyewe. Walipoitwa, walisimama, wakawakaribisha watu wa Fataki mbele, wakarudi kukaa. Wageni hao waliimba nyimbo nne, na hakuna aliyewakatiza. Tangu hapo kila karatasi ina mstari mtupu kwa ajili ya yule atakayekuja bila kuandikwa. Makanisa mengine yamekuja kunakili mpango wetu, na tunawaambia wasiusahau mstari huo.

Leo ibada yetu inaanza saa tatu na kumalizika saa sita, na mahubiri yanasikilizwa na watu walio macho. Wazee wamemchagua Nadège Mave kushika kazi ya sekreteri. Amekubali kwa sharti moja: Mama Annie aingie korali ya Fataki, ambayo nyimbo zake amekuwa akijifunza kwa lugha yao, neno kwa neno, miaka hii yote.

Asante, Mama. Umetutoa mbali, wala hatuna zawadi ya kutosha. Mungu akupe siku nyingi na magoti yenye nguvu. Nadège hakungoja Alhamisi: amekwisha kubandika mpango wa tarehe 7 Desemba, na kwenye mstari ule uliokuwa mtupu ameandika jina lako.