Bi Rudia Anapumzika, Mzee Ndoo Hajaonekana

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi ya kuwasikiliza watu, mkuu wa Kitengo cha Lahaja anakabidhi funguo za ofisi na kustaafu. Kwenye karatasi za mshahara ana jina lake kamili. Kwetu sisi ni Bi Rudia, maana hakuna aliyewahi kuzungumza naye asiambiwe, "Rudia tafadhali, ulivyosema mara ya kwanza."

Mhariri wa jarida hili aliniomba ukurasa wa kuchangamsha. Nilipompelekea Bi Rudia habari hiyo, aliweka kikombe mezani akasema, "Andika unavyotaka, lakini usimruke yule mzee. Ukimruka, utakuwa umemwandika mtu mwingine." Kwa hiyo simruki. Nitaanza na ya furaha, kama desturi, kisha nitafika kwake.

Bi Rudia aliingia taasisi hii akiwa mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuchapa kadi za kamusi zilizoandikwa kwa mkono na wakubwa. Shida ni kwamba alizisoma. Alichapa kadi kumi, akarudisha tatu, na kwenye kila moja amebandika kikaratasi: kwa bibi yangu neno hili halina maana hii. Mkuu wa wakati huo alivumilia, alivumilia, kisha akamwambia aende akaulize mwenyewe huko vijijini, akidhani amemkomoa. Bi Rudia akaenda. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope na mkoba umejaa kanda, na tangu siku hiyo mashine ya kuchapa ikatafutiwa mtu mwingine. Shahada aliipata kwa masomo ya jioni huku analea wanawe wawili, na mumewe, fundi umeme, akijifunza kupika kwa lazima.

Ipo kanda moja ambayo kila mwanafunzi wetu huisikiliza wiki ya kwanza. Bi Rudia anamhoji bibi mmoja mfinyanzi, na kila baada ya sentensi anasema rudia, rudia. Mwishowe bibi anasikika akimnong'oneza mwenyeji wao, "Masikini, mgeni wenu kumbe kiziwi," na kuanzia hapo anapiga kelele mpaka mwisho wa kanda. Bi Rudia hakumkatiza. Alisema matamshi yalikuwa safi sana.

Mwaka dari ya maktaba ya sauti ilipovuja, alichukua koti la mkurugenzi lililotundikwa mlangoni akafunika nalo kanda. Koti halikupona. Kanda zilipona zote, na mkurugenzi aliisimulia habari hiyo kwa fahari hadi alipoondoka. Kamusi ya lahaja tunayoitegemea leo ni kazi ya mikono yake zaidi ya mikono ya mtu mwingine yeyote. Na wote tuliopita chini yake tunaijua kanuni iliyo ukutani kwake: andika alichosema mtu, usiandike ulichozoea kusikia.

Sasa nifike kwa mzee.

Aliletwa na binti yake, muuguzi, miaka minane iliyopita. Mzee alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, mjane, ametoka mbali kuja kuishi na binti na mkwe wake hapa mjini. Binti alitueleza kwamba baba yake, aliyekuwa msemaji, amenyamaza. Akizungumza dukani watu wanacheka, akizungumza nyumbani wajukuu wanamtazama mama yao awatafsirie. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Muuguzi alisikia redioni kwamba tunatafuta wazee wenye lahaja zao. "Nimemleta aongee," alisema. "Kama mtanufaika, vizuri. Mimi nataka aongee tu."

Siku ya kwanza alisimama kwenye ujia, akamwita dada wa usafi ili amwoneshe chumba. "Ndoo, mwanangu, ndoo." Kwao ndivyo unavyomwita mtu aje. Dada akamletea ndoo. Mzee aliitazama, akashukuru kwa adabu, akatia kofia yake ndani na kuibeba mpaka chumba cha kurekodia. Bi Rudia alicheka mpaka akafuta machozi, naye mzee akacheka, na muuguzi aliyekuwa mlangoni akageuka upande kwa sababu alikuwa hajasikia kicheko hicho tangu msiba wa mama yake. Toka hapo akawa Mzee Ndoo, kwa ridhaa yake mwenyewe.

Alikuja kila Jumanne. Alitufundisha majina ya kila kipande cha paa, na akalisuta paa letu kwa majina hayo hayo. Kwa Bi Rudia alikuwa zaidi ya msemaji wa kurekodiwa. Alimwita mwanangu, naye alimwita baba, na baada ya kazi walitembea wote hadi langoni kumsubiri binti yake amalize zamu hospitali aje amchukue. Bi Rudia hakuwahi kumwacha asubiri peke yake.

Jumanne moja aliitwa kwenye mkutano wa bajeti. Akamwambia mzee, "Baba, kaa hapa kwa mlinzi, sichelewi." Mkutano ulichelewa, kama mikutano ya bajeti ilivyo. Alipotoka alimkuta muuguzi langoni na sare yake ya kazi, na mzee hayupo. Akamuuliza mlinzi.

"Amesema anaenda kiwandani," mlinzi alijibu.

Jibu lilileta maana kwa kila mtu. Mkwe wa mzee alikuwa msimamizi katika kiwanda cha sabuni, ng'ambo ya reli. Muuguzi alimpigia mumewe simu, mumewe akatoka getini kumpokea, akasubiri. Mzee hakufika. Jioni hiyo Bi Rudia mwenyewe ndiye aliyefuatana na familia kituo cha polisi, na ndiye aliyetamka maneno yaliyoandikwa: alielekea eneo la viwanda. Maneno hayo yakasomwa redioni. Tulikwenda huko wote, wapishi, madereva, watafiti. Tulichungulia mitaro, tuliuliza kwenye maghala, tulibandika picha yake kwenye kuta zenye masizi. Hakuna aliyemwona, na haikuwezekana awepo wa kumwona, kama tulivyokuja kujua.

Wiki iliyofuata nilikuwa na Bi Rudia langoni. Alikuwa amekonda. Mlinzi alimpa kiti, na kwa kumliwaza akaanza kumsifu mzee, jinsi alivyokuwa na maneno matamu hata siku ile. "Aliniambia, naenda hapo kiwandani nikapunge upepo."

Bi Rudia akanyanyua kichwa. "Rudia."

"Naenda hapo kiwandani nikapunge upepo."

"Alisema hapo, au huko?"

"Hapo, mama. Akaonesha na mkono."

Hakuna mtu anayekwenda kupunga upepo kwenye kiwanda cha sabuni. Mbele ya lango letu, ng'ambo ya barabara, nyuma ya safu ya maduka, pana kiwanja cha mpira chenye mabenchi na miti michache. Mzee aliyeita njia ndia na njoo ndoo, kiwanja angekiitaje? Nilimwona Bi Rudia akilifikia jibu: kiwanda. Alisimama, akavuka barabara bila kutazama magari, mimi nikimfuata.

Kando ya kiwanja palikuwa na mama anayeuza soda. Alipooneshwa picha hakusita. "Huyu namjua. Alikaa benchi lile mpaka jua likapoa. Alipoondoka alitokea upande ule wa nyuma, sijui kwa nini, akarudi, akawa kama amepotea. Akaniuliza Ndia. Nikamwambia simfahamu mtu wa jina hilo. Akaniuliza tena, Ndia ya kwenda kwa waandishi. Nikamwambia, mzee wangu, hapa hakuna Ndia." Akairudisha picha. "Kesho yake akaja tena, nguo zile zile. Nikampa soda. Siku iliyofuata sikumwona."

Siku mbili nzima mzee alikuwa ng'ambo ya barabara akiulizia njia ya kurudi kwetu, nasi tuko ng'ambo ya reli tunapekua mitaro. Mama wa soda alipoelewa alianza kulia, na Bi Rudia ndiye aliyemshika. Alimwambia, "Wewe ulimpa soda. Umefanya zaidi yetu."

Msako ulianza upya kutokea kiwanjani, lakini nyayo zilikuwa zimefutika. Palikuwa na fununu: mzee kwenye basi la mbali, mzee katika ua wa nyumba ya ibada, mzee asiyejua jina lake katika hospitali ya mji wa pili. Zote zilifuatwa. Hakuwa yeye. Polisi hawajafunga jalada na hawana cha kuongeza ndani yake. Hatujui alikolala usiku ule mmoja, hatujui alikwenda upande gani, hatujui kama yu hai. Ndivyo ilivyo mpaka leo.

Angeweza kunyamaza. Mlinzi alilifikisha neno kama alivyolisikia. Polisi waliandika walichoambiwa. Na asingetokea mtu wa kuuliza kwa nini mtaalamu wa lahaja hakuuliza mara ya pili. Bi Rudia alikwenda nyumbani kwa muuguzi jioni ile ile na kumweleza yote, kuanzia kiwanja hadi Ndia. Alimwambia, "Kazi yangu yote ni kuuliza mara ya pili. Kwa baba yako sikuuliza." Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akasimama, akamfungulia mlango atoke. Hakumtukana. Bi Rudia anasema afadhali angemtukana.

Ukapita karibu mwaka mzima. Siku moja muuguzi alikuja taasisini, akaomba kusikiliza kanda za baba yake. Bi Rudia alimwekea, akamvalisha vipokea sauti, akatoka nje na kufunga mlango taratibu. Ikawa hivyo kila alipokuja: mmoja ndani na kanda, mwingine kwenye benchi la ujia, bila salamu ya kueleweka. Mpaka siku muuguzi alipofungua mlango na kuuliza, "Hapa baba anasema nini? Mimi mwenyewe neno hili silijui." Wakakaa wote wawili kusikiliza. Mzee alikuwa anaeleza namna ya kufunga nyasi za ukingo wa paa zisipeperushwe. Kisha muuguzi akasema, "Sijui kama nimekusamehe. Lakini nyumbani hakuna tena anayeongea kama yeye, na wewe unaweza." Akamwomba amjibu kwa lugha ya baba yake. Bi Rudia alimjibu. Nilikuwa chumba cha pili na niliondoka, maana hayakuwa mazungumzo yangu.

Kutokana na msiba huo usio na kaburi, Bi Rudia alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaipita kamusi. Alikwenda kituo cha polisi mara nyingi kiasi cha kuonwa msumbufu, mpaka wakakubali: akipotea mtu mzima aliyetoka mbali, kitengo chetu kinapigiwa simu. Tunauliza kwao ni wapi, na huko njia, nyumba, soko na kiwanja vinaitwaje. Tangazo linasomwa kwa maneno yetu na kwa maneno yake. Bibi mmoja alipatikana hivyo, amekaa kwenye duka la viatu akitaja neno ambalo muuzaji alilisikia kama aina ya viatu, na ambalo kwao ni kituo cha basi. Bi Rudia alikwenda kumwona akikabidhiwa kwa wanawe. Aliporudi alifunga mlango wake na hakutaka chai.

Na kila inapotokea kwamba hospitali au chumba cha maiti mahali fulani kina mzee asiyejulikana, muuguzi hupigiwa simu, naye humpigia Bi Rudia. Huenda pamoja. Mmoja hutazama, mwingine humshika mkono. Wameshakwenda mara nyingi kuliko ninavyotaka kufikiria, mara ya mwisho mvua za mwaka huu, na kila mara wamerudi na jibu lile lile, ambalo si habari njema wala mbaya.

Wapo watakaosema hii si habari ya kumuagia mtu. Nami nilidhani hivyo. Lakini tumefanya kazi na mwanamke aliyekosea mara moja, pabaya, na baada ya hapo hakujificha nyuma ya vyeti vyake hata siku moja. Wengi wetu tumekosea tukapata pa kujificha.

Bi Rudia anakwenda, yeye na mumewe, kuishi na dada yake mkubwa, ambaye ana bustani, kuku wakorofi na maoni juu ya kila jambo. Magoti yake yanahitaji kupumzika, na mumewe anasema yuko tayari kumrudishia Bi Rudia jiko, ingawa sisi tuliowahi kula mapishi ya Bi Rudia tunamwomba dada asikubali.

Bi Rudia, ahsante kwa masikio yako. Ahsante kwa kuturudisha kila tulipokimbilia kusahihisha, na kwa kutukatalia ukurasa wa furaha tupu. Tunakutakia asubuhi za polepole, nyumba yenye watu, na usingizi usiokatika. Namba yako tumeiondoa kwenye simu ya muuguzi, kwa idhini yake, tukaweka yetu. Simu ikija tena, sisi ndio tutakaokwenda naye. Wewe kaa na dada yako, uwe na maisha mema.