Shimo la Mboji Nililolifunika

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu wa kikundi, nafasi hii nimeiomba mwenyewe. Mume wangu amekaa pale nyuma. Nimemwomba ruhusa niseme haya, akakubali.

Mtaalamu wa kilimo alitufundisha tulundike mboji juu ya ardhi, tuchanganye mabichi na makavu, tugeuze mara kwa mara ili hewa ipite. Mimi nikaona kugeuza ni kuvunja mgongo bure. Nikamwambia mume wangu achimbe shimo mteremkoni, refu kumpita yeye mwenyewe. Nikajaza maganda ya ndizi, mabaki ya chakula, machicha ya pombe na samadi mbichi. Mvua ikaingia. Jirani yangu, mama aliyehamia hapa Keza kutoka machimbo ya dhahabu ya Shinyanga, alipolalamikia harufu, nikamsema vibaya, kisha nikafunika shimo kwa turubai na kushindilia udongo pembeni.

Ndugu zangu, nilidhani nimemaliza tatizo.

Msimu wa maharage ulipofika, tukafunua asubuhi. Mboji ilikuwa imeshuka hadi chini kabisa. Mume wangu akarudi nyuma.

"Mama watoto, hewa hii inachoma koo. Tuliache kwanza."

Nikamjibu, na maneno haya yananiumiza hadi leo: "Mwanamume mzima unaogopa takataka?"

Akashika ngazi, akashuka.

Hata ndoo moja hakujaza. Nilisikia koleo likianguka. Nikachungulia: amelala ubavu, mdomo wazi, hatikisiki. Nikamwita. Kimya. Nikakanyaga ngazi nimfuate, ndipo yule mama jirani akanidaka kiunoni.

"Ukishuka na wewe, tutazika wawili!"

Nilimng'ata mkono, jamani. Nilimng'ata hadi damu ikatoka. Hakuniachia.

Akapiga yowe. Watu wakaja na majembe. "Bomoeni upande wa bondeni!" akawaambia. Wakaushambulia ukuta wa udongo. Ulipofunguka, maji machafu yakamwagika na ile hewa ikatoka. Akawazuia wasiingie mara moja, wakae kando kwanza. Kusubiri kule, sitaki hata kukukumbuka. Kisha wakamvuta kwa miguu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Tukamwita, tukamtikisa. Halafu akakohoa.

Pikipiki ikamkimbiza zahanati, na kutoka huko hospitali. Alipona, ingawa mpaka sasa akipanda mlima kichwa kinamgonga.

Mtaalamu alipokuja kuliona shimo hakunikaripia. Alinieleza kwamba taka mbichi zikikosa hewa huoza vibaya na kutoa gesi. Nyingine hutulia shimoni na kuua mtu. Nyingine, iitwayo methani, hupanda angani na kuongeza joto la dunia. "Hata rundo zuri hutoa gesi kidogo," alisema, "lakini lako lilitoa nyingi bila sababu." Na mimi siku zote nilidhani joto hilo linaletwa na viwanda vya mbali!

Siku hizi tunalundika juu, tunachanganya na mabua makavu ya mahindi, tunageuza kila wiki. Tunageuza wote wawili. Akisema tuache, tunaacha.

Nawashukuru nyote mlioshika majembe siku ile. Na wewe mama jirani, sijui nikulipe nini. Mume wangu, mbele ya hawa wote, nisamehe.

Kama yupo hapa mwenye shimo kama lile langu, asione aibu kusema. Asishuke, wala asimshushe mtu. Aniite tu. Kesho asubuhi nitakuja na jembe, tulibomoe pamoja.