Matawi Yaliyokataa Kukauka

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Eliudi na wewe Jovita, na mlango msiufunge hata kama vumbi linaingia, kwa sababu boti ya Kagunga imeshafika Kibirizi na mama yenu mdogo Leonia yuko njiani, nami nataka niwe nimekwisha kusema ya kwangu kabla hajafika. Msilie. Tangu Eliudi aniletee jibu lake juzi, nimelala usingizi ambao sikuupata kwa miaka kumi na miwili, na jana nimekula ugali nikaomba kuongezewa.

Kwanza shamba. Michikichi ile ya Katubuka mliyozoea kuiita yangu ilikuwa ya bibi yenu, na alipofariki, mwaka uliofuata Uhuru, alituachia sote wawili, mimi na Leonia, lakini mimi nikajifanya mkubwa, nikavuna peke yangu na mawese nikakamua peke yangu. Leonia alinyamaza mwaka mzima. Siku ya harusi yako, Jovita, ndipo aliponiuliza kwa upole sehemu yake iko wapi, nami nikamjibu mbele ya wageni kwamba aliyeolewa Kagunga akavune Kagunga. Watu walicheka. Niliwachekesha kwa makusudi.

Leonia akasimama pale mlangoni, penye matawi ya mkaratusi niliyoyapanga kulia na kushoto kwa mikono yangu, akayagusa, akasema, "Dada, sikanyagi tena nyumba yako mpaka majani haya yakauke." Mnamjua, neno likimtoka halirudi. Kila mtu alidhani ni hasira ya wiki moja, na yeye mwenyewe alidhani hivyo. Alijipa wiki ya kununa ili arudi bila aibu. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba matawi yale yamekwisha kunywa glisirini na hayatakauka. Nilijua nikanyamaza, na moyoni nilifurahi.

Kazi hiyo ya kuhifadhi matawi nakuachia wewe, Jovita, pamoja na mitungi na masanduku yake, basi isikie vizuri, maana mtawa aliyenifundisha alikwisha kurudi kwao na hapa mjini hakuna mwingine wa kumuuliza. Kata tawi lililokomaa, asubuhi, umande ukishakwisha. Majani machanga yatakunyaukia. Ponda kitako chake kwa nyundo, kipasuke kiweze kunywa. Glisirini kikombe kimoja, maji ya moto vikombe viwili, koroga, simamisha tawi humo kivulini wiki tatu mpaka rangi igeuke kahawia ya asali, na ukiona jani linatoa jasho, litoe, limeshiba. Kwa kazi hiyo nimepamba kanisa, na nimepamba sebule za mahakimu na mabwana shamba waliohamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali, wakadhani nina uchawi.

Sasa kila boti iliyotoka Kagunga, mtu alipita hapa, akasema shikamoo mama, akanyoosha mkono akagusa jani, akaenda zake. Nilijua katumwa. Nami kila Jumamosi niliyapangusa kwa kitambaa chenye maji ili yang'ae, ingawa ningeweza kuyatia jikoni siku yoyote. Huo ndio ubaya wangu, na leo nautaja kwa jina lake, ulikuwa kiburi.

Mwaka jana watu wa operesheni walipobomoa nyumba yake kule mlimani ili ahamie kijijini, Leonia alilala na wajukuu chini ya turubai mvua ikiwanyeshea, na humu ndani Rusimbi chumba kizima kilikuwa hakina mtu. Hakuja. Habari hiyo ilinivunja. Nikayaanika matawi juu ya bati siku nne, yakabaki laini. Nikayaweka juu ya meko, yakanuka moshi, yakabaki laini. Nikafikiri kutundika mengine makavu, aje mtu ayaguse akaseme yamekauka, kisha nikaogopa kufa na uongo wa pili, nikayarudisha yaleyale mlangoni. Ndipo nilipomtuma Eliudi akamwambie, "Dada anasema aliyatia glisirini, alijua tangu siku ile, na hayatakauka."

Eliudi alimkuta akianika dagaa mchangani. Anasema hakuinua hata uso. Alisema, "Nilijua tangu mwaka wa pili. Jani gani lililokatwa hukaa miaka miwili? Nilikuwa nangoja aseme yeye." Halafu akauliza boti inaondoka lini. Wanangu, mimi nilicheka mpaka kifua kikaniuma, kisha nikalia.

Basi shamba mligawe nusu kwa nusu, na Leonia achague kwanza. Usikunje uso, Eliudi, nakuona. Ulichokula huko miaka yote kilikuwa nusu chake, na hajakudai. Chumba cha uani ni chake akitaka kukaa. Mimi mnizike kando ya baba yenu, na juu ya jeneza wekeni majani mabichi, yasiyotiwa kitu.

Niinueni kidogo... basi, hapo hapo. Mungu, Imana wa mama yetu, awape nyumba zenye watu. Awape ulimi mwepesi wa kuomba radhi, upesi, siku ileile, msikae kama mimi. Nawapa radhi zangu zote, sikubakiza... Maji, Jovita. Hapana, yatosha.

Nani huyo anapiga hodi? Mbona hasemi... Ni yeye. Leonia. Usiyaguse, mdogo wangu, bado laini. Wewe pita tu... pita.